Mbwa Asiye na Mkanda Shingoni

Mwaka 1977 John Varley alikabidhiwa kazi iliyoonekana ndogo. Alikuwa mjumbe wa kamati iliyoandaa Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, na ratiba ya Februari 1978 ilikuwa na pengo. Katika uwanja mkuu wa ukumbi wa Olympia, jijini London, mashindano ya utiifu yangekwisha, kisha ungepita muda kabla ya waamuzi kuanza kuchagua mbwa mzuri wa kila kundi. Katika muda huo watazamaji wangenyanyuka kwenye viti vyao na kutawanyika. Varley akaambiwa atafute kitu cha kuwashika.

Wazo lake lilitoka kwenye farasi. Waingereza walizoea kujaza kumbi kutazama farasi wakiruka viunzi, mpanda farasi akihesabu hatua na watu wakizuia pumzi kila kwato zinapopita juu ya mti. Varley akajiuliza, kwa nini mbwa wasifanye vivyo hivyo? Lakini yeye hakuwa mkufunzi. Akamwendea Peter Meanwell, mtu wa Lincolnshire aliyekuwa amebobea katika mashindano ya mbwa wa kazi, akamwomba abuni njia ya vikwazo ambayo mbwa ataipita mbio huku mwenyewe akikimbia pembeni.

Meanwell hakuanza na karatasi tupu. Mbwa wa kazi nchini humo walikuwa na mtihani wao wa viungo kwa miaka mingi: kupanda ukuta wa mbao wa futi 6, ambao ni mrefu kuliko watu wengi, kuruka kiunzi cha futi 3, na kuruka kwa urefu futi 9 bila kukanyaga mbao zilizolazwa chini. Jeshi la anga la Uingereza nalo, tangu baada ya Vita Kuu ya Pili, lilikuwa likiwafurahisha watu kwa maonyesho ya mbwa wake wa ulinzi waliopita katika pete za moto na kuvuka madaraja membamba. Alichofanya Meanwell ni kuvichukua vitu hivyo vya askari na mbwa wa kazi, akavipunguzia ukali, akavipanga mfululizo, kisha akaweka saa.

Siku ilipofika ziliingia timu mbili za mbwa wanne wanne, moja ya Lincoln na nyingine ya Yorkshire. Hawakuwa na mpinzani mwingine wala kombe la maana. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Watu waliokuja kutazama manyoya yaliyochanwa walijikuta wamesimama, wakimshangilia mbwa aliyepita ndani ya tairi na kuingia kwenye handaki la kitambaa, wakiguna pale alipoangusha mti. Kabla siku haijaisha walikuwapo waliotaka kujua nao watajifunzia wapi. Kijalizo kile cha ratiba ndicho leo tunakiita ajiliti, yaani mchezo wa wepesi wa mbwa.

Ili kuelewa kwa nini dakika zile chache zilikuwa na uzito, inabidi turudi nyuma miaka 105, hadi 1873. Katika mwaka huo mmoja yalizaliwa mambo mawili nchini Uingereza. Aprili iliundwa Kennel Club, chama cha kuandikisha mbwa kwa nasaba zao: baba nani, mama nani, masikio yakae vipi, mkia upinde kiasi gani. Na Oktoba, mjini Bala huko Wales, wafugaji walikutana kuwashindanisha mbwa wao wa kuchunga kondoo. Mshindi alikuwa James Thomson, Mskoti aliyekuwa akiishi Wales, na mbwa wake Tweed. Pale Bala hapana aliyeuliza masikio. Waliuliza kama kondoo wameingia zizini.

Tangu hapo mbwa wa Ulaya walipita katika njia mbili. Mmoja alipelekwa ukumbini asimame apimwe kwa macho. Mwenzake alibaki mlimani akifanya kazi. Crufts, iliyoanzishwa na Charles Cruft mwaka 1891, ilikuwa nyumba ya yule wa kwanza. Ndiyo maana naliona tukio la 1978 kuwa kubwa kuliko lilivyoonekana: siku hiyo mbwa wa kazi aliingia katikati kabisa ya nyumba ya urembo, na watu wakampenda yeye.

Swali gumu zaidi, na ndilo lililonifanya niandike, ni namna mbwa huyo alivyofundishwa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, elimu ya mbwa ilikuwa elimu ya kulazimisha. Mjerumani Konrad Most, aliyefundisha mbwa wa polisi, alichapisha mwaka 1910 kitabu kilichokuwa dira ya majeshi na vikosi vingi, na ndani yake shuruti ilikuwa na nafasi kubwa. Nchini Marekani William Koehler, ambaye pia aliwafundisha wanyama wa filamu za Disney, alitoa mwaka 1962 kitabu cha mwelekeo huo, kilichonunuliwa sana. Hata Barbara Woodhouse, bibi mchangamfu aliyependwa na Waingereza kupitia vipindi vyake vya BBC mwaka 1980, alitumia mnyororo unaokaza shingo. Hawa hawakuwa watu waliochukia mbwa. Walirithi zana moja, kamba, na wakaitumia kwa ustadi.

Sasa tazama masharti ya mchezo mpya. Kennel Club iliutambua rasmi mwaka 1980, na kanuni zikaendelea kunyooshwa hapo na kwingineko. Mbwa anaanza bila kamba, na katika mashindano mengi hata mkanda wa shingoni unavuliwa. Mwongozaji haruhusiwi kumgusa mbwa, wala kugusa kiunzi, wala kubeba chakula au kichezeo mkononi. Njia hupangwa upya kila mara. Huwekwa uwanjani siku ileile, waongozaji wakapewa dakika chache kuipita kwa miguu bila mbwa wao, na utawaona wakitembea kama watu wanaokariri sala, mikono ikielekeza hewani, midomo ikihesabu. Mbwa haioni njia hiyo mpaka anapoachiwa aikimbie. Yote yatakayomfikia yatapita katika sauti, bega, goti na mguu wa mtu anayekimbia pembeni yake.

Mambo hayo yaliiacha kamba bila kazi. Mbwa aliyezoea kutii kwa kuogopa shingo yake hapa hana cha kuogopa, na asiye na hofu wala hamu ataondoka akanuse nyasi. Nguvu inaweza kumfanya mbwa akae, alale, asimame. Lakini kumfanya akimbie kwa moyo wake wote, mita kadhaa mbele yako, akitafuta kiunzi kinachofuata kana kwamba ni mali yake, hilo halikamuliwi kwa mnyororo. Ndiyo maana mchezo huu, kuliko vitabu vingi, uliwasukuma wakufunzi wa kawaida wa mitaani kutafuta njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwa tayari imechungulia, ila kutoka baharini. Mwaka 1951 mwanasaikolojia B. F. Skinner alikuwa ameandika makala akieleza kwamba mnyama anaweza kufundishwa kwa mlio mfupi unaomwambia "hapo hapo", ukifuatiwa na chakula. Wanafunzi wake wa zamani, Keller na Marian Breland, walikuwa wameigeuza elimu hiyo kuwa biashara, wakifundisha wanyama wa kila namna. Kisha Karen Pryor, aliyekuwa akifundisha pomboo huko Hawaii katika miaka ya 1960, aliitumia kwa viumbe ambao hawawezi kufungwa kamba hata kidogo. Pomboo ukimkera anazama tu, anakwenda zake. Mwaka 1984 Pryor alitoa kitabu chake kwa watu wa kawaida, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kile kidude kidogo cha kubonyeza kinacholia "tik" kikaingia mifukoni mwa wafuga mbwa. Waongozaji wa ajiliti walikuwa miongoni mwa waliokipokea kwa mikono miwili, kwa sababu tatizo lao lilikuwa lilelile la pomboo: kumfundisha mnyama aliye huru kuondoka.

Nieleze vikwazo vyenyewe, kwa kuwa ndani yake ndimo ufundi ulimo. Viunzi vya kuruka ndivyo vingi. Yako mahandaki ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 60, ambayo mbwa huingia akiwa duma na kutoka kama risasi. Iko tairi iliyoning'inizwa. Lipo paa, mbao mbili pana zilizoegemeana kama paa la nyumba, ambalo mbwa hupanda upande mmoja na kuteremkia wa pili. Lipo daraja la ubao mwembamba, juu zaidi ya kiuno cha mtu. Upo ubao wa kubembea, ambao mbwa anaupanda ukiwa umeinuka mbele yake, anavuka katikati, na ardhi inamwondokea chini ya miguu. Mbwa wengi huuogopa huu kuliko vyote, na ni haki yao.

Na viko vijiti 12 vilivyosimamishwa mstari mmoja, umbali wa sentimita 60 kati ya kimoja na kingine. Mbwa lazima akianze cha kwanza akiwa nacho begani kushoto, kisha ajipinde kulia na kushoto mpaka mwisho bila kuruka hata kimoja. Hapana kitu katika maisha ya asili ya mbwa kinachofanana na hicho. Hafukuzi sungura kwa namna hiyo, hachungi kondoo hivyo. Ni mwendo uliotungwa na watu, na huchukua wiki au miezi kumkaa mwilini. Ukimwona mbwa aliyeiva akivipita, kichwa chini, mabega yakipishana na vijiti kwa upana wa kidole, utaelewa neno wepesi kwa macho, maana si mbio peke yake. Mbwa mwenye mbio tupu huvunja mstari kwenye kijiti cha tatu.

Kisha inakuja habari ya rangi ya njano. Ncha za paa, za daraja na za ubao wa kubembea hupakwa rangi tofauti, na mbwa lazima aguse sehemu hiyo kwa angalau mguu mmoja anaposhuka. Akiipita hewani anahesabiwa kosa, kwa kawaida pointi 5. Sababu yake ni usalama: mbwa akiruka kutoka juu ya daraja kila mara, mabega na viganja vitamlipia baadaye. Lakini kwa mbwa mwenye moto, rangi ile ni mtihani wa roho. Kiunzi kinachofuata anakiona, mwongozaji wake anamwita, na miguu inataka kuruka.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kumfundisha asimame: miguu miwili ya nyuma ubaoni, miwili ya mbele chini, angoje neno. Ni njia salama na inaeleweka, ila sekunde zinapotea. Wakajitokeza wengine, na anayetajwa zaidi ni Silvia Trkman wa Slovenia, waliosema mbwa asisimame kabisa. Walimfundisha kukimbia ubao mzima kwa hatua ya asili, akilipwa pale tu miguu ilipotua ndani ya rangi, tena na tena, mpaka mwili ukajua wenyewe kupima hatua. Kazi hiyo huweza kuchukua miezi. Mwenye haraka haiwezi, na tunajua wahenga walisema nini juu ya haraka. Nikitazama mbwa aliyefundishwa hivyo akishuka daraja bila kupunguza mwendo, mguu ukigonga njano kama muhuri, naona mahali ambapo elimu ya mbwa imefika mbali kuliko zama za Most.

Mchezo ulisambaa upesi. Mwaka 1983 Peter Lewis, mmoja wa waliouenezea mbegu Uingereza, aliongoza kuanzishwa kwa klabu ya kwanza ya taifa ya ajiliti. Nchini Marekani Kenneth Tatsch aliunda chama mwaka 1986, kilichofuata kanuni za Waingereza, viunzi vya inchi 30, karibu sentimita 76, kwa mbwa wakubwa. Charles Kramer akaja mwaka uliofuata na chama chake, akapunguza urefu wa viunzi ili mbwa wa kawaida wa nyumbani nao wapate nafasi. Walibishana, na ubishi ule ulikuwa na faida, kwani ulilazimisha swali: mchezo huu ni wa nani? Chama kikubwa cha Wamarekani, AKC, kiliingia mwaka 1994, na mashindano yake ya kwanza yakafanyika Houston, Texas. Ulaya ilikuwa na kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1996 yakafanyika mashindano rasmi ya kwanza ya dunia huko Morges, Uswisi. Madaraja ya kimo yakatengwa, mbwa mdogo asishindane na mkubwa kwa kiunzi kimoja. Wakaja pia waongozaji wenye viti vya magurudumu, na vijana na wazee, kwani katika mchezo huu mtu asiyeweza kukimbia anaweza kumfundisha mbwa wake kufanya kazi kwa mbali.

Sifa hizi zisifunike hasara. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, uliowauliza waongozaji habari za mbwa zaidi ya 3,000, karibu theluthi moja ya mbwa hao walikuwa wameumia katika mchezo huu. Mabega na mgongo ndivyo vilivyotajwa sana. Kwa hiyo viunzi vimeendelea kushushwa, tairi zikatengenezwa ziachane mbwa anapozigonga, mbao zikapakwa mpira ili kucha zishike. Lile handaki la kitambaa lililowashangaza watu wa Olympia liliondolewa: mbwa alikuwa akiingia mdomo wa wazi kisha kujisukuma ndani ya kitambaa kilicholala, na wengine walijinyonga-nyonga humo na kuumia. AKC iliachana nalo mwaka 2016. Nakubaliana kabisa na uamuzi huo. Mbwa hakuomba kushindana. Anayemwingiza uwanjani ndiye mwenye deni la mifupa yake.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza, haya yanatuhusu nini sisi, ambao mbwa kwetu ni wa kufungwa mchana na kufunguliwa usiku, na jina lake limeandikwa getini: Mbwa Mkali? Yapo yanayotuhusu, na moja limo katika jina la aina moja ya mbwa. Mwaka 1895 katika maonyesho yaleyale ya Crufts walionyeshwa mbwa wawili kutoka Afrika ya Kati, wadogo, mkia umejikunja mgongoni, wasiobweka kama mbwa wengine. Walikufa muda mfupi baadaye kwa ugonjwa. Mwaka 1937 mwanamke aitwaye Olivia Burn aliwapeleka tena, kutoka Kongo, na umati ukamiminika kuwatazama. Wakaitwa basenji. Mwenye sikio la Kiswahili hahitaji mkalimani: ni shina lilelile la mshenzi, neno la dharau ambalo watu wa pwani waliwaita watu wa bara, na ambalo hadi leo humwangukia mbwa wetu wa mtaani, mbwa shenzi, mbwa koko.

Basenji alikuwa mbwa wa kuwinda msituni, akiwafukuzia wawindaji wanyama hadi kwenye nyavu, akifungwa njuga shingoni ili ajulikane alipo. Wazungu waliomfuga walimlalamikia kuwa mkaidi, hafundishiki. Kwa mnyororo, kweli, hakufundishika. Leo wako basenji wanaoshindana katika ajiliti Marekani na Ulaya, wakipita vijiti na paa, na wanaowafundisha wanasema jambo moja: huwezi kumwamrisha, utamshawishi. Mbwa aliyeitwa mshenzi alikuwa akisubiri mwalimu mwenye adabu.

Nasaba haikufungua lango upesi. Maonyesho ya Westminster ya New York, yaliyoanza mwaka 1877, yalikaa miaka mingi bila kuwakaribisha mbwa wa mchanganyiko. Ajiliti ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 2014 Westminster ilianzisha mashindano yake ya wepesi na kuruhusu chotara waingie. Mshindi wa kwanza alikuwa border collie, na mara nyingi baada ya hapo alikuwa border collie mwingine, uzao wa wale mbwa wa kuchunga kondoo, jambo ambalo halimshangazi mtu aliyesoma habari za Bala.

Mei 2024, katika mashindano hayo ya Westminster kwenye viwanja vya tenisi vya Queens, New York, aliingia mbwa mdogo wa daraja la inchi 12, nusu border collie, nusu papillon. Mwongozaji wake alikuwa ameshinda mwaka uliotangulia na border collie. Safari hii alikimbia na huyu chotara, bila kosa, kwa sekunde 28.76, akawapita wakubwa wote. Alikuwa mbwa wa kwanza wa mchanganyiko kushinda mashindano hayo, na wa kwanza kutoka daraja lake la kimo. Anaitwa Nimble. Kwa Kiswahili jina hilo ni Mwepesi.